Rwagasore na wauaji wake: damu moja ya Ntare

Prinsi Louis Rwagasore na baadhi ya watu walionyongwa kwa kupanga kifo chake walikuwa na babu mmoja: mwami (mfalme) Ntare Rugamba, aliyetanua Burundi kwa vita hadi katikati ya karne ya 19.

Ntare alimwachia ngoma ya ufalme mwanawe Mwezi Gisabo, aliyetawala zaidi ya nusu karne na kuwasumbua Wajerumani hadi alipokubali masharti yao Kiganda, Juni 1903. Alipofariki mwaka 1908 akafuata Mutaga Mbikije, naye Mutaga akafa 1915 angali kijana. Mwanawe Mwambutsa alitawazwa akiwa mtoto mdogo, nchi ikashikwa na walezi. Huyo Mwambutsa ndiye aliyemzaa Rwagasore kwa Thérèse Kanyonga, Gitega, Januari 1932.

Lakini mwami hakuacha mrithi peke yake. Wanawe wengine walipewa milima ya kutawala, na uzao wao ukawa tawi la baganwa, watu wa ukoo wa kifalme, lenye jina la baba. Uzao wa Ntare ni Batare, wa Mwezi ni Bezi. Mwezi alipokuwa akiwaweka wanawe, waliong'olewa walikuwa Batare, na kinyongo kikarithiwa pamoja na mashamba. Wabelgiji walipotawala, Batare walipata kipenzi cha serikali: chifu Pierre Baranyanka.

Vyama vya siasa vilipoanzishwa, ugomvi wa koo ukavaa nguo mpya. Rwagasore, aliyewahi kuwaunganisha wafanyabiashara Waswahili wa Bujumbura katika ushirika, akawa uso wa chama cha UPRONA. Wana wa Baranyanka, Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza, wakaongoza chama pinzani cha PDC. Septemba 18, 1961, UPRONA ilizoa viti 58 kati ya 64. Oktoba 13, Rwagasore, sasa waziri mkuu mpya, akiwa mezani akila chakula cha jioni katika hoteli ya Tanganyika, Mgiriki Kageorgis alimpiga risasi. Wana hao wawili wa Baranyanka walinyongwa Gitega Januari 1963 kwa kupanga mauaji hayo.

Rwagasore hakuacha mtoto wa kumrithi. Binti zake wawili walifariki wachanga. Jina lake likachukuliwa na vijana wa UPRONA waliojiita Jeunesse Nationaliste Rwagasore (JNR). Januari 1962 vijana hao waliuvamia mtaa wa Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, wakawaua Wahutu waliokuwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Kikristo.

Hadi siku hiyo siasa za Burundi zilisomwa kwa nasaba ya baganwa: nani wa Bezi, nani wa Batare. Waliouawa Kamenge hawakuwa na nafasi katika nasaba hiyo. Wahutu na Watutsi waliopiga kura pamoja chini ya Rwagasore wakaanza kuogopana ndani ya UPRONA yenyewe, na ugomvi huo mpya ukagharimu roho nyingi kuliko ule wa wajukuu wa Ntare.