Konkatsu, au Usakaji Ndoa

Mwaka 2007 mwanasosholojia wa Kijapani, Yamada Masahiro, alilitumia neno konkatsu katika jarida la AERA. Mwaka uliofuata, yeye na mwandishi wa habari Shirakawa Toko walichapisha kitabu kuhusu zama za konkatsu, na neno likaenea nchi nzima. Kufikia 2009 televisheni ya Fuji ilikuwa ikirusha tamthilia yenye jina hilohilo.

Kekkon ni ndoa, katsudo ni shughuli. Vipande vya maneno hayo mawili, kon na katsu, vimeunganishwa. Umbo hilo halikubuniwa hewani. Wajapani walikwisha kuwa na shukatsu, yaani pilikapilika za mwanafunzi anayekaribia kuhitimu: kujaza fomu, kuvaa suti nyeusi, kutoka usaili huu kuingia ule. Yamada aliazima umbo hilo kwa makusudi. Ndoa, ambayo zamani ilimfuata mtu alipo, sasa mtu ndiye anayeifuata, kama ajira.

Zamani ilimfuata kwa njia mbili. Ya kwanza ni miai, makutano ya wawili yaliyopangwa na mshenga, anayeitwa nakodo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndoa za kuchaguana wenyewe zilizidi zile za miai, lakini tusidhani vijana walibaki peke yao. Njia ya pili ilikuwa kazini, ambako wengi walikutana. Kampuni kubwa ziliajiri wasichana wa ofisini zikitarajia kwamba wataolewa, mara nyingi na wafanyakazi wenzao, kisha waache kazi. Mwajiri alifanya kazi ya mshenga bila kubeba jina lake. Uchumi ulipodorora katika miaka ya 1990, ajira za kudumu zikapungua, mikataba ya muda ikaongezeka, na kijana asiye na mshahara wa kuaminika akawa si mwanamume wa kuozeshwa. Mwaka 1970, kati ya wanaume 100 wanaofikia umri wa miaka 50, wasiowahi kuoa hawakufika 2. Mwaka 2020 walikuwa 28, na wanawake karibu 18. Kwa kuwa watoto wanaozaliwa nje ya ndoa huko ni takriban 2 tu katika kila 100, ndoa zikipungua, watoto nao hupungua.

Ndiyo maana serikali zimeingia katika shughuli hii. Mwezi Septemba 2024 mamlaka ya jiji la Tokyo ilizindua programu yake ya kuwakutanisha wanaotaka kuoana. Anayejiunga huleta uthibitisho kwamba hana ndoa na hati ya kipato chake, kisha hufanyiwa mahojiano. Mtu angedhani anaomba kazi.

Tuiiteje, basi, konkatsu kwa Kiswahili? “Kutafuta mchumba” ni maneno mazuri lakini hayatoshi: watu wametafuta wachumba tangu zamani, na ndani yake hakuna harufu ya ajira. “Harakati za ndoa” ni tafsiri ya sisisi, nayo inapotosha, kwa sababu harakati kwetu zimeshikamana na siasa na kudai haki. “Msako wa ndoa” unaleta polisi mlangoni. Mimi nachagua usakaji ndoa, na anayeufanya ni msaka ndoa. Vijana wetu husema wanasaka ajira. Kitenzi hicho kinabeba juhudi, ushindani na uchovu, na ndivyo Yamada alivyokusudia.

Faida nyingine ni kwamba istilahi hii haisemi kinachosakwa ni mume tajiri. Wasomaji wengi Japani walikielewa kitabu cha Yamada na Shirakawa kama kengele ya kukimbilia wanaume wachache wenye vipato vizuri. Waandishi walikuwa wakisema kinyume: mwanamke asiendelee kumngoja mlishaji, kwa kuwa uchumi hauwazalishi tena wa kutosha. Tamthilia ya 2016 ya televisheni ya TBS, Nigeru wa Haji da ga Yaku ni Tatsu, iliusogeza mjadala mbele zaidi. Mikuri, aliyepoteza kazi, anaajiriwa kumtunzia nyumba Hiramasa, na wawili hao wanaingia katika ndoa ya mkataba yenye mshahara. Hiramasa anapotaka ndoa ya kweli, ambayo ingefuta ule mshahara, Mikuri anauita mpango huo unyonyaji wa mapenzi.

Tamthilia za Asia Mashariki zimekuwa zikiingizwa sauti za Kiswahili tangu televisheni ya Tanzania, TBC, ilipoonyesha ile ya Kichina ya Mao Doudou mwaka 2011. Ninawaomba wafasiri wa tamthilia hizo: mhusika akitaja konkatsu, mwandikieni usakaji ndoa.