Wapagazi wa Njia za Kilwa na Lindi

Wasikilizaji, mtu aingiaye sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, huenda hafikiri kwamba jina la mtaa ule ni jina la kazi. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 Waingereza walikuwa na kikosi cha watu wasiochukua bunduki, kilichoitwa Carrier Corps, maana yake kikosi cha wachukuzi. Kambi yao ilikuwa pale, na watu wakalitamka jina lile la kigeni kama ndimi zao zilivyoweza, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa sababu hiyo hiyo. Lakini wengi wa watu waliobeba jina hilo hawakufia Dar es Salaam wala Nairobi. Maelfu yao walifia katika nchi hii ya kusini, katika njia zitokazo Kilwa na Lindi kwenda bara.

Upagazi wenyewe haukuanza na vita. Kilwa Kivinje ilikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Ziwa Nyasa, na kwa njia hiyo zilishuka pembe za ndovu na watumwa. Mtumwa aliyeanguka njiani aliachwa pale pale, wala hapakuwa na daftari la kumwandika. Kisha wakaja Wadachi na mashamba yao ya pamba. Tangu mwaka wa 1902 watu wa pwani na wa nyuma ya pwani walitolewa majumbani mwao kulima kwa amri, na aliyechelewa alionja kiboko. Mwezi wa Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba huko Nandete, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Khabari hizo mmekwisha kuzisikia mara nyingi, nami sitazirudia. Lakini kumbukeni kwamba vita vile vilianza shambani, kwa ugomvi wa kazi.

Basi turudi kwa wapagazi. Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza walitua Kilwa, na baada ya siku chache wakatua Lindi. Walikusudia kumzuia jemadari wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, asipate pumziko kusini ya mto Rufiji. Ramani ilionyesha kuwa si mbali. Lakini reli haikuwako huko, na barabara za magari zilikuwa chache na mbovu. Farasi na nyumbu waliletwa, wakafa kwa mbung'o. Magari yaliletwa, na mvua za mwanzo wa mwaka 1917, zilizozidi mvua za miaka mingi, zikayazamisha katika tope. Kilichobaki ni kichwa cha mtu na mabega yake.

Tufanye hesabu ndogo, wala msiione kuwa ni hesabu ya shule tu. Mpagazi achukue ratili 60 za unga, na posho yake iwe ratili 2 kwa siku. Akienda siku kumi amekula ratili 20. Lazima arudi, na kurudi ni siku kumi tena, basi ratili 20 nyingine ni zake. Mzigo wote aliouchukua kwa jasho lake umebaki ratili 20 za kumpa askari. Akienda siku kumi na tano, hakumfikishia askari hata kibaba kimoja. Amechukua chakula chake mwenyewe kwenda na kurudi. Kwa hiyo kila mara jeshi liliposonga mbele, wapagazi wengine walihitajiwa, na kama hawakupatikana, posho ilipunguzwa. Mimi naona kwamba katika hesabu hii ndimo mlimo siri ya vifo vingi. Risasi haikuwa adui mkubwa wa mpagazi.

Adui wake mkubwa alikuwa tumbo. Unga wa mahindi uliotolewa mara nyingi ulisagwa vibaya, nao walipewa watu ambao wengine kwao hula ndizi au viazi. Walifika kambini usiku, kuni zimelowa, wakala unga uliopikwa nusu. Kuhara damu kukawaingia. Tena palikuwa na homa ya malaria, na homa ya mapafu kwa wale waliotolewa mahali pengine wakalazwa katika baridi na mvua bila blanketi la kutosha. Vilima vya Umatumbi, karibu na Kibata, palipopiganwa mwezi wa Desemba 1916 na Januari 1917, ni vilima vya kupanda kwa mikono. Fikirini mtu mwenye tumbo la kuhara, mzigo kichwani, akipanda pale kwa utelezi.

Kuna mfano mmoja ambao hauwezi kukanushwa, kwa kuwa watu wake walihesabiwa walipoondoka na walipokwenda kurudi. Kutoka visiwa vya Shelisheli waliletwa wachukuzi yapata 800, wakashushwa Kilwa. Walikaa miezi michache tu. Kabla ya nusu ya mwaka 1917 kumalizika walirudishwa kwao, kwa maana walikuwa hawafai tena kwa kazi, na zaidi ya 300 kati yao walikwisha kufa. Waliuawa na maradhi, na moja ya maradhi hayo ni beriberi, ugonjwa umpatao mtu anayekosa vyakula fulani vyenye nguvu. Visiwa vile ni vidogo, na msiba ulijulikana kila mahali. Sasa ulizeni: kama Shelisheli walikufa hivyo, je, watu wa bara waliotolewa vijijini kwa maelfu, ambao idadi yao haikuangaliwa sana, walikufa wangapi?

Mapigano makubwa yalifuata. Narungombe, nyuma ya Kilwa, yalikuwa mwezi wa Julai 1917. Mahiwa, katika nchi ya Lindi, yalikuwa mwezi wa Oktoba. Katika vitabu vya vita, Mahiwa hutajwa kwa askari walioanguka. Lakini nyuma ya kila askari walikuwako watu wa kumletea risasi na chakula, na wa kumtoa kwa machela alipojeruhiwa, nao hutajwa kwa nadra. Upande wa Wadachi mambo hayakuwa mema zaidi. Walitwaa wapagazi vijijini kwa nguvu, na chakula cha vijiji vile wakakitwaa pia, hata watu waliobaki nyumbani wakaona njaa. Mwezi wa Novemba walivuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno, na wapagazi wakaenda nao.

Waingereza na wenzao walitumia wapagazi yapata milioni moja katika Afrika ya Mashariki, ukiwahesabu wote, wa muda mrefu na wa muda mfupi. Waliokufa hawapungui 95,000, na wengine waliopeleleza jambo hili husema kuwa walizidi laki. Askari wa upande huo huo waliokufa ni yapata 11,000. Pimeni wenyewe. Mishahara ya maelfu ya wafu ilibaki bila kudaiwa, kwa sababu jamaa zao hawakujua wapi pa kudai, au jina lililoandikwa lilikuwa la mzaha alilobandikwa mtu na karani aliyeshindwa kulitamka jina lake. Serikali ya Uingereza haikuzirudisha fedha zile kwa vijiji walikotoka. Mwaka wa 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa Dar es Salaam, na maandishi yake yanawataja wachukuzi pia, lakini hayataji jina hata la mmoja. Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya nchi za Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu 116,000 kwa uchache, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Imepita zaidi ya miaka mia moja.

Baada ya vita kazi ya mshahara huku kusini ilikuwa katani. Mashamba yalikuwako karibu na Lindi, kama vile Kikwetu, na watu walitoka Umakonde na hata ng'ambo ya Ruvuma kuja kukata. Mkonge si mmea mpole. Ncha ya jani ni kama sindano, na mkataji akiinama bila kuangalia, jicho lake liko hatarini. Majani yalifungwa thelathini thelathini, yakapakiwa katika magari madogo ya reli, yakapelekwa kwenye mashine iyapondayo na kuyakwangua. Mashine hiyo haitambui jani na mkono. Katika nyumba ya kusugulia nyuzi, vumbi huwaingia watu vifuani, nalo halitoi damu, ndiyo maana mwenye shamba aliweza kusema kwamba hapana aliyeumia.

Sheria ya kumlipa mfanya kazi aliyeumia kazini ilitungwa Tanganyika mwaka wa 1948, yaani zaidi ya miaka thelathini baada ya Narungombe na Mahiwa kupita. Kwa mara ya kwanza mkono uliokatika ulikuwa na bei iliyoandikwa. Bei hiyo ilikuwa ndogo, kwa kuwa ilihesabiwa kwa mshahara, na mshahara wa katani ulikuwa mdogo. Hata hivyo lilikuwa jambo jipya. Sheria nyingine ilitungwa mwaka wa 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka wa 2015. Mwajiri ndiye alipaye michango. Mfanya kazi hakatwi hata senti. Jamaa wa mtu aliyefia kazini wana haki ya kudai, na yafaa wajue hivyo.

Lakini mazao ya kusini yamebadilika. Siku hizi ni korosho. Ndani ya ganda la korosho mna mafuta yaunguzayo ngozi kama moto, na wanawake wanaobangua kwa mkono nyumbani hupaka majivu au mafuta viganjani ili wapunguze madhara. Ukiona mtu wa Lindi mwenye vidole vyeusi vilivyochubuka, usiulize kazi yake. Wanaopuliza salfa kuuzuia ubwiriunga hupata taabu ya macho na kifua. Tena baharini, tangu Kilwa mpaka Lindi, wako vijana waliopotea mikono kwa kuvua kwa baruti, nao hujificha hata wakiumia, kwa kuwa kazi yenyewe ni haramu kwa sheria. Mbanguaji wa nyumbani hana mwajiri, basi hapana mtu amlipiaye mchango katika Mfuko ule. Huuza korosho zake zilizobanguliwa kwa kilo, akanunua mafuta ya kupaka, akaendelea.