Nani Mwenye Ngazi? Majumba ya Michenzani

Katika Kasomeno huko Katanga, kwenye njia itokayo Lubumbashi kwenda Kasenga, mtu akitaka nyumba hufyatua matofali ya udongo, aghalabu ule wa kichuguu, akayachoma, akajenga, akaezeka. Na siku ya kuhamia anajua, bila ya hati wala shahidi, kwamba ukuta ni wake na paa ni lake, na kwamba mvua ikivuja atakayeulizwa ni yeye. Kwa msomaji aliyezoea milki ya namna hiyo, taarikhi ya majumba ya saruji ya Michenzani, katika mji wa Unguja, ina jambo la ajabu, maana huko maelfu ya watu walikuja kukalia nyumba ambazo kila mmoja aliujua mlango wake, wala hapakuwa na aliyeweza kusema kwa yakini mwenye ngazi ni nani.

Kabla ya hapo Ng'ambo, ilipo Michenzani, yaani upande wa pili wa kijito kilichoutenga na Mji Mkongwe mpaka kilipofukiwa katika zama za Waingereza, ulikuwa mji wa boriti na fito, udongo uliokandikwa kwa mikono, na makuti yaliyokuja kupisha madebe na mabati. Nyumba ilikuwa na baraza mbele, ambapo wanaume waliketi na mpita njia akasalimiwa, na ua nyuma, ambamo wanawake walipata sitara, jiko na mazungumzo yao. Mwenye nyumba aliimiliki nyumba. Kiwanja kilikuwa cha mwingine, pengine cha wakfu, naye alikilipia kodi. Kodi hiyo ilipozidi kuwa nzito, wakazi wa Ng'ambo waligoma kuilipa mwaka 1928, na mgomo ule haukuwa jambo dogo kwa serikali iliyokuwa imezoea kuwaona kuwa raia watulivu.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliikuta dhiki hiyo ya ardhi haijapoa, na mwezi Machi mwaka ule ule ardhi yote ikatangazwa kuwa mali ya dola. Ujerumani ya Mashariki, iliyokuwa ikitafuta kwa kila hila serikali itakayoitambua nje ya kambi yake, ilitambuliwa na Zanzibar kabla ya nchi nyingine yoyote ya Afrika, nayo ikailipa hisani hiyo kwa majumba: Kikwajuni kwanza, kisha Kilimani. Wajerumani wale walikuwa na ilimu yao ya ujenzi. Mji wao wa Hoyerswerda, ulioanza kupanuliwa hivyo mwaka 1957, ulijengwa kwa kuta nzima za zege zilizomiminwa kiwandani, zikachukuliwa kwa magari, zikanyanyuliwa kwa kreni na kupachikwa mahali pake, hata mwashi akawa hana tena kazi ya kuaka tofali juu ya tofali. Kilichovuka bahari kuja Unguja kilikuwa fikira kuliko mitambo: kwamba ramani moja yaweza kurudiwa mara mia, na kwamba mchukuzi na karani wastahiki vyumba vya kipimo kimoja. Mwaka 1968 Hubert Scholz, mpangaji wao, aliandika ramani ya mji mzima, na katika ramani hiyo nyumba za udongo za Ng'ambo zilitakiwa zitoweke.

Sheikh Abeid Amani Karume, rais wa Zanzibar, hakuridhika kuipokea ramani ile kama ilivyoletwa. Aliibadili, akataka majumba marefu zaidi na yenye orofa zaidi, yajipange kandokando ya njia mbili pana zinazokatana Michenzani, ili ayaone kila aingiaye mjini. Nyumba za watu zilivunjwa, raia wakaitwa kwenye kazi za kujitolea, wakabeba mchanga na kokoto, na ujenzi uliendelea hata baada ya yeye mwenyewe kuuawa tarehe 7 Aprili 1972. Majumba yaliyonyooka kwa mamia ya mita yalipewa namba badala ya majina, na watu, katika kisiwa ambacho reli yake ya Bububu ilikuwa imekwisha kung'olewa zamani, wakayaita treni.

Aliyetoka katika nyumba ya udongo akapewa ufunguo wa orofa ya tano alipata mengi: umeme, choo cha ndani, sakafu isiyoota unyevu masika, na juu ya hayo yote nyumba isiyo na kodi ya kiwanja. Lakini alipoteza ardhi. Kinu hakitwangwi orofani pasipo jirani wa chini kujua. Jeneza hushushwa kwa ngazi nyembamba, kona baada ya kona. Na mwanamke aliyekuwa akianika nguo uani, mbali na macho, sasa huzianika mbele ya barabara kuu. Maji yalipopungua nguvu, kama ilivyotokea mara nyingi, wa juu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyakosa na wa mwisho kuyapata, na madumu yakapandishwa kwa mabega. Baraza nayo haikufa, ila ilishuka. Vijana na wazee waliitafuta chini ya majumba, na hapo zikaota maskani, mashuhuri kuliko zote ikiwa ile ya Kisonge, ambayo ubao wake wa maandishi ya siasa umewachekesha wengine na kuwachoma wengine kwa miaka mingi. Mimi naona maskani ile yasema mengi juu ya majumba hayo kuliko ramani zote za Scholz: mpangaji alipima vyumba, akasahau mahali pa kuketi.

Watu wa Katanga hawahitaji kufundishwa maana ya nyumba zilizofanana. Union Minière, kampuni ya shaba iliyoundwa mwaka 1906, ilipoazimu mwishoni mwa miaka ya ishirini kuwaweka wafanyakazi wake pamoja na wake na watoto wao, badala ya kuwachukua na kuwarudisha kila mara, ilijenga makambi ya safu kwa safu, ambamo nyumba ilikuja na kazi, posho na zahanati, na kazi ikiisha nyumba nayo ikaisha. Kampuni ilitengeneza, ikakagua usafi, ikaingilia hata mambo ya ndani ya ndoa. Gécamines, kampuni ya dola iliyoshika nafasi yake, iliirithi desturi hiyo tangu mwaka 1967, mpaka shaba ilipoporomoka katika miaka ya tisini na rangi za kuta zikaporomoka nayo. Sitamani kambi lile, wala sidhani aliyelikalia alikuwa huru. Nasema tu kwamba huko bomba likipasuka palikuwa na mlango wa kubisha. Michenzani nyumba ilikuwa zawadi ya dola, na dola ni mtoaji aliye mbali: mpokeaji hakuthubutu kuubomoa ukuta kwa kuwa si wake, wala hakuona lazima kuukarabati kwa sababu hiyo hiyo. Hivyo chumba cha ndani kilipakwa rangi na kupambwa, na ngazi ya nje, ambayo kila mtu huikanyaga, ikabaki na giza.

Mwaka 2010 Zanzibar ilitunga sheria ya umiliki wa nyumba za pamoja, ambayo kwayo mwenye chumba aweza kuandikishwa kuwa mwenyewe, na wote kwa jumla wakawa washirika wa ngazi, dari na mabomba, wakichanga kwa ajili ya matengenezo. Sheria ni nzuri katika karatasi. Ila mtu ambaye babaye alivunjiwa nyumba yake ya udongo ili jumba lisimame, akabeba na kokoto za kulijengea, ana hoja akisema kwamba ngazi ile alikwisha kuilipia.