Basi la shule likigeuka nyumba

Najua nimepotea wiki mbili, msinihukumu. Muhula huu sijapata chumba, nabebwa na mshkaji wa mwaka wa tatu. Kitanda kimoja watu wawili, ndoo zimepangwa hadi mlangoni, na boom lenyewe halijatoka. Mtu wa hivyo akiamka saa nane usiku kwa joto anawaza kitu kimoja tu: nafasi. Ndivyo nilivyojikuta nasoma historia ya yale mabasi ya njano ya shule za Marekani, ambayo watu huyang'oa viti na kuhamia humo mazima.

Mzizi wake ni mkutano wa 1939, pale Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Profesa Frank Cyr aliwakusanya maofisa wa usafiri kutoka majimbo yote 48 ya wakati ule, pamoja na mainjinia wa viwanda. Walitoka na viwango 44: urefu wa bodi, kimo cha dari, upana wa njia ya katikati, na ile rangi ya njano. Walikuwa wanawawazia watoto, lakini bila kujua walitengeneza boksi la chuma linalofanana nchi nzima. Ukijua kupanga jiko kwenye moja, umeshajua kwenye mengi.

Halafu 1964. Mwandishi Ken Kesey na wenzake walinunua basi la shule la International Harvester, lililoundwa mwaka uleule wa 1939, wakalipaka marangi na kutoka nalo California hadi New York. Vitabu kibao vinawapa sifa hao. Mimi nabisha kidogo. Aliyewauzia alikuwa baba wa watoto 11, na tayari alishaweka vitanda, choo na jiko lenye friji ili apeleke familia likizo. Fundi wa kweli ni huyo mzee. Wao walileta rangi na kelele (na madawa, tuseme ukweli).

Mwaka 1970 Stephen Gaskin, aliyekuwa akifundisha San Francisco, aliondoka na msafara wa mabasi na mamia ya watu. Mwaka 1971 wakatua karibu na Summertown, Tennessee, wakaanzisha kijiji kinachoitwa The Farm. Mwanzoni makazi yao yalikuwa mabasi hayohayo na mahema.

Sasa, raha humo ndani inapatikanaje? Hapa ndipo nimekesha. Mwaka 1977 serikali ya Marekani ilikaza masharti ya nguvu ya paa na maungio, ili basi likipinduka watoto wasibonyezwe. Ndiyo maana bodi lina ribiti nyingi ajabu, na ukitaka kuling'oa bati la ndani utatoa jasho. Lakini usipoling'oa utajuta, maana chuma hakizuii baridi wala joto. Usiku mvuke wa kupumua na kupika unagonga bati, unageuka matone, unalala umenyeshewa ndani ya nyumba yako! Wajuzi hufumua hadi sakafu, wanakwangua kutu chini ya mbao, wanaziba matundu ya bolti za viti, ndipo wanaweka povu la kuzuia joto.

Upana ni kama futi saba na nusu, kwa hiyo mtu mzima analala kwa kukatiza basi na njia haiibiwi. Juu ya matairi pameinuka, pale wanajenga kabati au benchi. Tangi la maji linakaa chini, na uzito unagawanywa pande mbili, kwani lita 300 ni kilo 300. Mlango wa dharura wa nyuma hauzibwi, hata kama kitanda kingependeza pale. Na katika majimbo mengi lazima ubadilishe rangi na kutoa taa za kumulika, dereva mwingine asidhani umebeba watoto.

Ila picha za mtandaoni zinaficha jambo. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, wengi walihamia kwenye magari kwa sababu kodi ya nyumba iliwashinda, wazee hasa. Jessica Bruder aliwaandika kwenye Nomadland, 2017, na filamu yake ikachukua Oscar ya filamu bora 2021. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala maeneo ya wazi ya umma, hata kama hawana pengine pa kulala. Kwa hiyo basi unaweza kulijenga likawa zuri kabisa, na bado usiwe na pa kuliegesha.

Hilo limenigusa, sitaki kuficha. Jana tumeinua kitanda kwa matofali manane, ndoo zote zikaingia chini, chumba kikapumua. Mshkaji kafurahi kweli. Jioni mlinzi akapita mlango kwa mlango na karatasi ya majina, na langu halimo. Amesema atarudi Jumatatu.