Tokeni ya Chuma, Hesabu ya Paris

Juni 24, 2002, breki za treni ya abiria zilishindwa mlimani kati ya Igandu na Msagali, mkoani Dodoma. Treni, ikiwa na abiria zaidi ya 1,200, ilirudi kinyumenyume kwa kasi ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Je, hisabati ingeweza kuwaokoa?

Ili kujibu, tulinganishe jadi mbili za usalama wa reli. Ya kwanza, ya Waingereza, iliuweka usalama mkononi mwa dereva. Kwenye reli ya njia moja, haruhusiwi kuingia kipande cha reli bila tokeni ya chuma ya kipande hicho. Mashine za stesheni mbili zimeunganishwa kwa waya: moja ikishatoa tokeni, hakuna tokeni nyingine inayotoka hadi ile irudishwe. Jadi hii imekomazwa na ajali. Kila msiba umeongeza kanuni kitabuni.

Ya pili ni ya Wafaransa. Njia ya 14 ya metro ya Paris, isiyo na dereva, ilifunguliwa Oktoba 1998. Programu zake za usalama ziliandikwa kwa mbinu ya B iliyobuniwa na Jean-Raymond Abrial. Mhandisi huandika kwanza sharti lisilovunjwa, mathalani treni mbili zisikutane kipande kimoja, kisha huthibitisha kihisabati kwamba kila hatua ya programu inalilinda. Hoja zipatazo 27,800 zilithibitishwa, nyingi kwa kompyuta, zilizobaki kwa msaada wa wataalamu. Majaribio yaliyofuata hayakukuta kosa katika sehemu hiyo. Jaribio husemea safari iliyojaribiwa tu. Uthibitisho husemea safari zote zinazowezekana.

Hata hivyo, jadi zote mbili zinaegemea jambo lililo nje yake: breki zitashika. Tokeni haizuii behewa kuteremka mlima, na uthibitisho wa programu haukazi breki iliyolegea. Kwa hiyo anayedai kwamba hesabu peke yake ingezuia ajali ya Igandu anaipa sifa isiyo yake. Ubora wa Wafaransa uko kwingine: uthibitisho haukamiliki mpaka kila kilichochukuliwa kuwa kweli kiandikwe. Kikishaandikwa, hujulikana ni karakana ipi inayowajibika nacho.

Tangu 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) inafika Dodoma kwa kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa, na mwendo wa namna hiyo hauongozwi kwa tokeni bali kwa kompyuta. Kanuni ya Ulaya ya programu za reli, EN 50128 ya mwaka 2011, ilipendekeza kwa mkazo mbinu za uthibitisho rasmi kwa programu za ngazi za juu za usalama. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) isiridhike na cheti cha mkandarasi. Idai orodha ya mambo yaliyochukuliwa kuwa kweli nyuma ya cheti hicho, iikabidhi kwa mafundi wa Shirika la Reli Tanzania (TRC), na Chuo Kikuu cha Dodoma kifundishe vijana kuisoma. Cheti bila orodha hiyo ni karatasi tu.