Bahari na Mawingu Yake

Katika albamu yangu imo picha ya wanachuo wa mwaka 1986. Nyuma yao ukuta wa chokaa unang'aa kwa jua la saa sita. Wenyewe wamesimama kivulini mwa mwembe, na nyuso zao ni weusi mtupu. Mpigapicha alinisihi tusogee upande mwingine. Mimi, mkuu wa chuo mwenye haraka, nilikataa. Miaka michache baadaye mmoja wao alifariki, na mama yake akaja kutafuta sura ya mwanawe. Niliweza tu kumwonyesha kwa kidole mahali aliposimama.

Ndiyo maana naipenda habari ya Gustave Le Gray, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1820. Enzi zake picha zilinaswa kwenye kioo kilichopakwa dawa ya kolodioni, nayo ilikuwa nyepesi mno kuathiriwa na mwanga wa buluu. Ukingoja bahari itokee vizuri, mbingu ilijaa mwanga hata mawingu yakafutika. Ukifupisha muda uyapate mawingu, bahari ilibaki giza. Le Gray alitumia vioo viwili, kimoja cha bahari na kimoja cha mbingu, kisha akavichapa katika karatasi moja, vikikutana kwenye upeo wa macho. Ndivyo alivyoipata picha yake ya wimbi kubwa, aliyoipiga Sète mwaka 1857. Mwaka 1999 nakala yake moja iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 500,000.

Kazi hiyo sasa hufanywa na kompyuta. Huko Marekani, Steve Mann na Rosalind Picard mwaka 1995, kisha Paul Debevec na Jitendra Malik mwaka 1997, walieleza namna ya kuunganisha picha kadhaa za mahali pamoja, nyingine za giza, nyingine za mwanga mwingi. Hata hivyo karatasi ina kikomo. Weupe wake hurudisha mwanga yapata mara 100 tu kuliko weusi wake, ilhali jua na kivuli huweza kupishana mara 1,000 na zaidi. Hivyo mchapaji hana budi kupunguza ukali wa jua na kukiinua kivuli. Akizidisha, picha hupoteza vyote viwili, ikafanana na mchoro wa rangi.

Mjukuu wangu aliipitisha picha yangu katika kompyuta. Ukuta ulipoa kidogo; nyuso hazikutoka. Le Gray alikuwa na vioo viwili. Sisi tulipiga mara moja tu, na mwanga wa nyuso zile haukuingia humo wa kutosha. Kompyuta huunganisha kilichokusanywa, kisichokusanywa haikijui.

Yule mama aliondoka akidhani kosa ni la mpigapicha. Sikumsahihisha. Naliandika hapa.