Mpya kwa Nani?

Hapa Masimba bahari tunaiona kwenye simu tu. Juzi nikaona boti ya kifahari ya mabilionea: paneli za sola, tanga, eti teknolojia mpya. Mpya kwa nani? Mwaka 1840 Sultana, merikebu ya Sayyid Said, ilitoka Unguja hadi New York kwa upepo tu, imebeba karafuu na pembe za ndovu. Mwanawe, Barghash, akaona fahari ni moshi. Akaagiza Glasgow, meli ya mvuke, kutoka Uingereza. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza haohao wakaizamisha bandarini Unguja. Lamu, mafundi wa majahazi bado wapo. Tuwaulize hao kwanza, kabla hatujauziwa upepo wetu kwa dola.